Mstari Niliokunyima

Murara, Jumamosi, saa tisa alasiri

Masika mwanangu,

Nadai hivi, na dai hili nitalitetea hadi mwisho wa barua: winga ana mali moja tu uwanjani, nayo ni mstari wa pembeni. Kasi huchoka, chenga huzoeleka, goti huharibika. Mstari hubaki palepale ukimngoja. Anayemfundisha winga kuuogopa mstari amemnyang'anya kazi yake, hata kama ni baba yake, hata kama alifanya hivyo kwa mapenzi. Mimi nimekunyang'anya mstari mara mbili. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua, nikasema uongo mbele ya watu ili wewe usijue.

Usiruke kurasa kuutafuta uongo wenyewe. Nitaufikia, na nitausema wazi. Lakini ukiusoma peke yake utadhani baba yako aliamka siku moja akawa mtu mbaya, na hoja hiyo ni dhaifu. Ukweli ni mzito zaidi, kwa sababu ulianza zamani.

Umekwenda Majengo kumuaga mukaka, bibi yako, na namjua mama yangu: hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Mama yako yuko chumbani anafunga mabegi, na maagizo yote ya safari nimemwachia yeye: karatasi zikae mfuko gani, usimshikishe nani begi pale mpakani Barrière, ule nini na usile nini katika basi kutoka Kigali hadi Dar es Salaam. Tangu ndege ziache kuruka kutoka mji wetu, yeye amesindikiza wasafiri wengi kuliko mimi. Mimi naandika lile ambalo amenikataza kuendelea kulinyamazia. Juzi, akikunja jezi zako, aliniambia bila kuinua macho:

"Baba Masika, utamuambia weye, ao nitamuambia miye?"

"Nitamwandikia," nikajibu.

"Eh, lisansie! Hata zambi yako unaitafutia memwari."

Alimaanisha kile kitabu cha kumalizia chuo ambacho niliwalazimisha nyinyi wawili kukisikiliza sura kwa sura, mkisinzia kwa zamu. Sikukasirika. Nilipata lisanse, shahada yangu ya chuo, mwaka juzi, nikiwa na miaka thelathini na mitano, nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu walionipa alama, na ninaionea fahari bila kuomba radhi. Nimesomea ualimu. Kumbuka hilo unaposoma yafuatayo: haya yalifanywa na mtu mwenye karatasi inayothibitisha kwamba anajua kufundisha.

Nianze na mawe. Lava ilipita Murara kabla hujazaliwa, ikapoa, nasi tukacheza juu yake kwa kuwa hatukuwa na pengine. Katikati ya kiwanja tuliponda, tukamwaga mchanga, pakawa pazuri kiasi. Lakini upande wa kulia, kuanzia nusu ya kiwanja hadi kwenye kona, ulimi wa lava ulikuja ukalala juu ya mstari wenyewe. Aliyeanguka pale hakuamka na vumbi. Aliamka na nyama nje. Mimi nilikuwa winga wa kulia. Watazamaji waliketi juu ya mawe yaleyale, karibu hata nikajua nani amekunywa nini, na nilipoanza kushuka na mpira walipiga kelele, "Chukudu! Chukudu bila freni!" Nililipenda jina lile. Nilijiona kweli ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyopakiwa kabeji ikiteremka mtelemko, na atakayesimama mbele ashauri roho yake.

Ila chukudu ile ilikuwa na freni, tena nzuri kuliko za gari la padri. Kila nilipokaribia mawe, hatua tatu kabla ya mstari, nilikata kuingia ndani. Hakuna aliyenifundisha. Miguu ilijifunza yenyewe, na mabeki wa mtaa, ambao nao waliyaogopa mawe, hawakunifuata huko. Kwa hiyo sote tulicheza kana kwamba kiwanja kinaishia pale, na hakuna aliyeona kuna kitu kimepungua.

Ulikuwa na miezi minne nilipoondoka kwenda Lubumbashi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Timu moja ya huko, ambayo haina haja ya jina hapa, ilikuwa imenisikia, ikanipa mkataba wa mwaka mmoja: chumba cha watu wanne, viatu viwili, chakula cha mchana. Nilicheza kwa malipo; kwa hiyo unaposikia watu wa mtaa wakisema baba yako alikuwa profesheneli, hawasemi uongo, wanasahau tu kusema kwa muda gani.

Nikueleze maisha yale, kwa kuwa ndiyo unayoyaendea. Mtu wa nje anadhani winga anakimbia. Winga anangoja. Unasimama kule pembeni, mpira unazunguka katikati kama mkutano ambao hukualikwa, na unaweza kukaa hivyo mpaka jasho likauke mgongoni. Umbali kati yako na mwenzako wa karibu ni mkubwa kuliko ule kati yako na mtazamaji anayekutukana. Kulikuwa na muuza karanga mmoja aliyekaa karibu na kona yangu kila Jumapili. Hakunitukana. Aliniuliza tu, dakika baada ya dakika, kwa upole wa kweli, kama kwa mdogo wake, "Petit, umekula?" Siku nyingine nilitamani nimjibu.

Halafu kulikuwa na jioni. Nilikuwa nawapigia simu, na mama yako akawa ananieleza kwamba umecheka, umegeuka, umeota jino. Sikutaka kuelezwa. Nilitaka kukusikia. Lakini mtoto mwenye afya hanyamazi wala halii kwa amri ya simu, na dakika zilikuwa zinakwisha. Basi mama yako, na hili hajawahi kukuambia, alikuwa anakubana kidogo kwenye paja. Ukalia. Nami kule Lubumbashi, kwenye ngazi za nyumba ya watu, nikasikiliza kilio chako hadi dakika zikaisha, nikaenda kula nikiwa nimeshiba. Ukikutana na watu watakaokuambia kwamba kutamani nyumbani ni udhaifu, bishana nao. Nilicheza vizuri zaidi siku zilizofuata simu zile.

Kocha wetu alikuwa muzee mmoja, Papa Ilunga, mtu wa maneno machache na kofia moja. Kiwanja cha mazoezi kilikuwa cha udongo mwekundu, laini, bila jiwe, na mistari ilichorwa kwa chokaa kila asubuhi. Mwezi wa pili, baada ya mechi, aliniita, akaniambia nivue kiatu cha kulia. Akakigeuza, akaangalia soli, akaangalia pembeni, akanirudishia.

"Mbona hakina chokaa?"

Sikuelewa.

"Winga ni mutu wa chokaa," akasema. "Akimaliza mechi, kiatu yake inapashwa kuwa nyeupe. Yako iko safi kama ya mufungisha ndoa. Nani alikujengea ukuta pale pembeni?"

Hapo, mwanangu, ndipo mlango ulifunguliwa mbele yangu, na mimi nikaupiga teke ukafunga. Ningesema: "Papa, kwetu pale kuna mawe." Maneno matano tu. Angecheka, angenishika bega, kesho yake angenipeleka kwenye mstari na kunitembeza kama anayefundishwa kuogelea. Badala yake nilimjibu. Unanijua ninavyojibu. Nilimweleza kwamba winga wa siku hizi haishi kwenye mstari, kwamba anaingia ndani kutafuta pembe ya kupiga, kwamba mambo ya kukumbatia chokaa ni ya wazee. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na mifano, na sehemu ya niliyoyasema ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichoyafanya yawe hatari. Nilichukua woga wa miguu yangu nikauvika koti la nadharia, na toka siku ile sikuutambua tena.

Papa Ilunga alinisikiliza hadi mwisho. "Unajua kusema," akaniambia. "Lakini mabeki bote banajua utaenda wapi."

Walijua. Msimu ulipoisha mkataba haukuendelea. Nilirudi Goma nikiwa na miaka ishirini na hoja isiyopingika, na kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba ni goti. Goti langu halina kitu. Unaweza kulipiga nyundo.

Sasa nakuja kwako.

Nilipoanzisha ekipe ya wasichana pale Murara ulikuwa na miaka kumi na moja, na tangu wiki ya kwanza nilikuona una mwendo wangu, ila mwepesi zaidi, kama vile mtu ameusafisha. Nikakuweka kulia. Nikakufundisha kukata ndani hatua tatu kabla ya mstari, na nikakupa na sababu, zilezile za Lubumbashi, zimepigwa pasi. Hukubisha. Ulikuwa na mawe ya kukuthibitishia kwamba baba anasema kweli.

Kumbuka Kalengera. Barabara ya kaskazini ilikuwa inapitika, na tulialikwa kucheza na wasichana wa kule. Kiwanja kilikuwa majani matupu, na majani hayakuishia kwenye mstari: yaliendelea nje, hatua ishirini nzima, hadi kwenye shamba la maharage. Nilisimama pale nikiyatazama. Kisha mechi ikaanza, ukapata mpira, ukashuka, na hatua tatu kabla ya chokaa ukakata ndani. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mama mmoja, jembe begani, aliyesimama ukingoni mwa maharage, alishindwa kuvumilia:

"Weye mutoto! Unaogopa nini huku? Kuja! Hakuna jiwe, hakuna nyoka, kuko miye tu!"

Watu wakacheka. Wewe uligeuka ukamtazama, ukatazama majani, ukanitazama mimi. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na ulikuwa umeona. Nami nilikuwa nimeona. Nikapiga kelele, "Ingia ndani, Masika! Vizuri hivyo!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nimesema sikujua, na hadi kabla ya kelele za yule mama ni kweli. Baada yake, nisingeapa.

Lakini wewe si mimi, na hilo ndilo nililotaka kuliandika kwa herufi kubwa kama ningekuwa mtu wa kuandika kwa herufi kubwa. Hukunijibu kwa nadharia. Jumamosi iliyofuata, watu walipotoka kufanya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ulileta beseni la mama yako na nondo uliyoazima kwa mwashi, ukawakusanya wenzako, mkaenda kwenye mstari wa kulia mkaanza kung'oa lava. Nadège, golikipa wenu, akawa fundi mkuu, anagonga na kutukana. Nilikuja kuwaambia kwamba mnapoteza nguvu. Nadège akaniambia, "Coach, kama hautabeba jiwe, usitufungie jua." Salongo baada ya salongo mliendelea. Mliyoyang'oa mliyapanga nje, ukuta mfupi wa kukalia watazamaji, na kati ya ukuta na kiwanja mkaacha ukanda mweusi, laini, wa upana wa hatua nne, kutoka nusu ya kiwanja hadi kwenye kona. Mkachora chokaa. Na wewe ukaanza kwenda huko.

Nilikutazama msimu ule mzima nikiwa na wivu. Niliandike, liondoke. Ulikuwa unafika kwenye chokaa, beki anabaki anakutazama kwa kuwa hajawahi kufika huko, unapita nje yake, mpira unarudi nyuma kwa wenzako, goli. Ulikuwa unarudi nyumbani mguu wa kulia mweupe hadi kwenye kifundo, mama yako anapiga kelele juu ya sakafu yake. Kila jioni niliona mguu ule mweupe mlangoni, na kila jioni nikamsikia Papa Ilunga.

Mwaka jana, majuma mawili kabla ya mtihani wako wa serikali, simu ya ekipe ililia. Nilikuwa nimeketi hapahapa. Ilikuwa sauti ya mama mmoja, ya taratibu, Kiswahili cha pwani.

"Habari za leo, mwalimu. Naitwa Rehema, ninafundisha timu ya wanawake huku Dar es Salaam. Kuna mtu amenitumia picha za mechi yenu. Ninamtaka yule binti wa kulia. Yule anayekwenda mpaka kwenye chokaa."

"Ana mtihani," nikasema.

"Hongera zake. Unakwisha lini? Tunaweza kumsubiri hata mwezi mmoja."

"Usimsubiri."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Mimi ndiye baba yake," nikasema, nikakata simu.

Ungeweza kunitetea kwa mtihani. Umeona sasa kwamba mtihani haukuwa sababu. Alikuwa tayari kuungoja. Ungeweza kunitetea kwa usalama wa barabara, kwa umri wako, kwa kuwa hatumjui mtu yule. Nimezipima sababu hizo zote kwa mwaka mzima na zote ni nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa mkononi mwangu nilipokata simu. Mkononi nilikuwa na mbili tu. Ya kwanza ni kwamba sikuweza kufikiri nyumba hii bila alama za chokaa sakafuni. Ya pili ni kwamba aliyetakiwa alikuwa yule niliyemkataza, si yule niliyemfundisha.

Kesho yake nikaenda kwenye duara.

Nitaeleza duara kana kwamba huijui, ili nijisikie mwenyewe nikieleza. Ni mimi niliyeianzisha. Kila baada ya mazoezi tunasimama mviringo; aliyekosa anasema kosa lake kwa sauti, aliyekosewa anamjibu palepale kwa sauti, kisha tunaondoka, na hakuna anayebeba kitu kwenda nacho nyumbani. Mlisema humo makosa makubwa na ya kitoto. Nadège alikiri humo kwamba aliuza glavu za ekipe. Mimi, katika miaka yote ile, sikuwahi kusimama kusema langu, nilikuwa msimamizi. Siku ile nilisimama kwa mara ya kwanza, na nilichosema ni hiki: "Timu ya Dar ilimtazama Masika. Hawakumtaka."

Nilifikiri nikisema mapema, habari ikija kwa njia nyingine itakuta mlango umekwisha kufungwa. Huo ndio uongo. Sasa umeuona.

Nadège akasema, "Banakataa Masika? Basi siye bengine twende moja kwa moja kuosha masahani." Wakacheka wote ili ucheke, na ulicheka. Njiani kurudi, tulipofika kwenye bomba la maji, uliniuliza:

"Papa, kosa yangu ilikuwa gani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi si mtu wa kusema sijui.

"Walisema unakaa sana kwenye mstari. Wanataka winga anayeingia ndani."

Ulitembea hatua kadhaa. "Basi mawe tuliondoa bule," ukasema.

Mechi iliyofuata ulikata ndani, hatua tatu kabla ya chokaa. Na iliyofuata. Nilipiga makofi, nikitazama pembeni. Mwaka mzima mguu wako umerudi nyumbani safi, mama yako akafurahia sakafu yake hadi siku alipoacha kuifurahia, akaniuliza, "Mutoto hachezake tena?" Na ule ukanda mliousafisha umeota majani, kwa kuwa lava ikisagwa inaotesha upesi.

Unaona sasa kwa nini barua hii haiwezi kungoja siku nyingine? Kama ningekudanganya tu kwamba hawakukutaka, simu ya mwezi uliopita ingefuta yote. Rehema alipiga tena. Simu ilikuwa kwenye chaji, mimi niko darasani, mama yako akaipokea. Ndiye aliyekubali kwa niaba yako, ndiye aliyekukimbilia na habari njema, na ndiye aliyeambiwa na Rehema, bila ubaya wowote, kwamba mwaka jana mwalimu alikataa. Kama ingekuwa ni suala la wewe kunisamehe au kutonisamehe tu, ningekuwa mtu mwenye aibu na basi. Lakini kesho unaondoka na uongo wangu miguuni. Unakwenda kwa mtu anayekungoja kwenye chokaa, na utamwonyesha anayekata ndani. Atakupa wiki mbili za majaribio, halafu atageuza kiatu chako. Unaijua hadithi hiyo inavyoendelea, kwa kuwa nimekwisha kukusimulia.

Kwa hiyo lisikie kutoka kwangu, kwa mwandiko wangu: hakukuwa na kosa. Walikutaka kwa sababu ya mstari. Rudi kwenye mstari.

Sina ushauri mwingine mwingi. Utakapoambiwa jambo na kocha, usimjibu siku hiyohiyo. Una ulimi wangu, na ulimi huo ni mwepesi kuliko miguu ya mtu yeyote. Mwambie ulikotoka kuna mawe. Ukisimama pembeni mpira usije, usiende kuutafuta katikati kwa ajili ya upweke. Nilifanya hivyo, nikapoteza nafasi yangu bila kupata rafiki. Utatamani nyumbani. Tamani kwa sauti, tupigie. Sisi huku tutakuwa na shida kubwa zaidi, kwa kuwa umekua, na mama yako hana tena wa kumbana ili nisikie.

Asubuhi hii, ulipokuwa sokoni, nilikwenda kiwanjani na jembe. Nimeng'oa majani ya ukanda wote, kutoka nusu hadi kwenye kona. Nadège alipita, akasimama, akauliza kama nimefukuzwa shule. Nikamwambia ninabeba jiwe. Akanitazama sana, akachukua reki. Kisha nikachora chokaa. Mstari haukunyooka vizuri, mkono wangu si wa kazi hiyo. Barua hii nitaiweka juu ya kiatu chako cha kulia, kisha nitatoka, nitakaa kwenye ule ukuta wenu, usije ukalazimika kunitazama ukisoma.

Sasa ombi, ambalo si ombi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ekipe nzima itakuja kiwanjani kukusindikiza hadi Barrière, na mukaka wako atakuwepo, na mama yako. Tutasimama duara. Nitasema, kwa sauti, mbele yao wote, nilichokiandika hapa, pamoja na simu, pamoja na yale ya bombani. Nitasema kwa kifupi, nimejizoeza.

Halafu nitanyamaza, nawe utajibu.

Sikubali jibu la chumbani usiku wa leo. Sikubali kunong'onezwa sikioni pale mpakani, wala ujumbe wa simu kutoka Kigali, wala ule ukimya wako ambao watu wanaudhani ni heshima. Nilikudanganya mbele ya watu, nijibiwe mbele ya watu. Ukinikatalia msamaha, kataa kwa sauti ambayo Nadège ataisikia akiwa golini. Ukiwa na hasira, usiipunguze kwa sababu ya mukaka. Ukitaka kunibishia hata dai lenyewe la mwanzo, kwamba mstari ndio mali pekee ya winga, nibishie. Nitashindwa kwa furaha.

Njoo umevaa viatu. Simama upande wa kulia, juu ya chokaa. Ninakudai jibu pale.

Baba yako